Game of Thrones kwa watu wa Kusini: tuangalie, tusome, kisha tutengeneze parodi yetu (uzi mrefu)

Msimu_Unakuja

Wadau wa Mtwara na Lindi, habari za humu. Uzi huu ni wa walioimaliza tamthilia ya Game of Thrones, wanaotaka kuianza, na hasa wale vijana wanaorekodi vipande vya kuchekesha kwa simu kule Shangani, Mikindani na Nachingwea. Vipande vingi vinavyozunguka kwenye magrupu vina ugonjwa mmoja: mtu kavaa taji la boksi, anakoroma kwa sauti nzito, basi, kamaliza. Kaigiza mavazi, hadithi haijui.

ONYO: siri zote zimo humu mpaka mwisho. Ambaye hajamaliza ashukie hapa.

Kwanza tuwekane sawa. Tamthilia ina sizoni 8 na episodi 73. Ilianza kurushwa na HBO tarehe 17 Aprili 2011, ikafungwa 19 Mei 2019. Sizoni 1 hadi 6 zina episodi 10 kila moja, ya 7 ina 7, ya 8 ina 6. Ukijumlisha yote ni saa 70 hivi. Kwa 720p saa moja inakula GB 1 hadi 1.5, kwa hiyo piga hesabu ya bando kabla hujaanza kupakua.

Vitabu vya George R. R. Martin vilivyotoka ni 5: A Game of Thrones (1996), A Clash of Kings (1998), A Storm of Swords (2000), A Feast for Crows (2005) na A Dance with Dragons (2011). Cha 6 tunakisubiri kama malipo ya pili ya korosho. Martin mwenyewe aliandika episodi moja moja katika sizoni 4 za mwanzo: "The Pointy End", "Blackwater", "The Bear and the Maiden Fair" na "The Lion and the Rose". Mwenye haraka ya kujifunza namna wahusika wanavyoongea azirudie hizo nne kwanza.

Kuhusu parodi, tazameni wenzetu wanavyofanya. Sesame Street mwaka 2015 walitoa "Game of Chairs": wanasesere wa falme zile wanagombea kiti kwa mchezo wa kuzunguka viti muziki unapozimwa. School of Thrones ya 2013 iliwapeleka wote sekondari. Gay of Thrones, iliyoanza 2013, ni Jonathan Van Ness yuko saluni anatengeneza nywele huku anamsimulia mteja episodi ya wiki. Wote wamefanya jambo lile lile: wamechukua kitu KIMOJA, wakakihamisha, vingine vyote wakaviacha kama vilivyo. Ukibadilisha vitu vinne kwa mpigo mtazamaji hajui acheke nini.

Swali la uzi: sisi wa huku tuhamishe kitu gani?

Mjukuu_wa_Tendaguru

Mijusi! Watu wa Lindi hatuhitaji kuazima dragoni. Tendaguru Wajerumani walichimba mifupa kuanzia 1909 hadi 1913, na ule mjusi mkubwa, Giraffatitan, amesimamishwa makumbusho ya Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu.

Kipande: Daenerys hana habari na Westeros, lile bara la falme zinazogombaniwa. Yuko kaunta ya makumbusho Berlin kumdai mjusi wake. Missandei anataja vyeo vyote kama kwenye sizoni ya 7, "Mama wa Madragoni, Mvunja Minyororo" na kuendelea, anamaliza hoi. Mlinzi anauliza: "Sawa. Tiketi mnazo?"

Kusi_la_Mikindani

Mjukuu, hiyo nimeipenda. Inahitaji meza moja na watu watatu, gharama sifuri. Ile sizoni ya 7 Davos naye kamjibu Missandei kwa maneno machache tu, "huyu ni Jon Snow," kwa hiyo mlinzi wako amfuate Davos: ajibu kwa upole, bila dharau. Akikaripia, kichekesho kimekufa.

Bibi_wa_Chuno

Wanangu, kabla ya kurekodi someni. Angalau kitabu cha kwanza. Sababu si sifa, ni kwamba vitabu vina vitu ambavyo tamthilia haikuwa na njia ya kuvionyesha, na humo ndimo vichekesho vilimolala.

Kila sura imeandikwa kutoka kichwani mwa mtu mmoja, na jina lake ndilo kichwa cha sura. Kitabu cha kwanza ukiacha utangulizi kina watu 8 tu wa namna hiyo: Eddard (ndiye Ned), Catelyn, Sansa, Arya, Bran, Jon, Tyrion na Daenerys. Kwa hiyo Ned anapokatwa kichwa, kwenye tamthilia tunamwona. Kwenye kitabu tuko na Arya, na Yoren amemshika asitazame. Anachosikia ni umati kushusha pumzi kwa pamoja. Ukitaka parodi ya kisomi, mweke mtu mfupi nyuma ya umati sokoni anauliza "kuna nini? kuna nini?" na hakuna anayemjibu. Aliyesoma atacheka mpaka alie.

Sura kwa kila kitabu, pamoja na tangulizi na tamati: 73, 70, 82, 46, 73. Jumla 344. Sura moja kwa siku ni chini ya mwaka. Kiingereza chake si kigumu sana, kinachochosha ni majina. Kila kitabu kina orodha ya koo nyuma kabisa. Weka kidole pale.

Walioangalia tamthilia wakitaka kuendelea na vitabu huwa wanarukia cha 4. Msifanye hivyo. Tofauti zinaanza mapema na zinarundikana: Tyrion kwenye kitabu anakatwa pua vitani Blackwater, siyo kovu tu, Robb anaoa Jeyne Westerling, Talisa aliyemuoa kwenye tamthilia hayumo, Catelyn baada ya kuuawa harusini anarudi kama Lady Stoneheart. Ukiingia cha 4 bila hayo utapotea sura ya tatu.

Halafu cha 4 na cha 5 vinakwenda sambamba kwa muda, vimegawanywa kwa watu na mahali. Cha 4 hakina sura ya Jon, Tyrion wala Daenerys. Mashabiki wengine wanavichanganya sura kwa sura wasome kama kitabu kimoja. Kwa msomaji wa mara ya kwanza siwashauri, na sababu ni hii: kwenye cha 4 Gilly yuko melini analia mfululizo, Sam haelewi, mpaka anatambua kwamba mtoto aliyembeba si wake, Jon aliwabadilisha watoto. Kwenye cha 5 tunamwona Jon akimlazimisha. Ukivichanganya kwa mpangilio wa tarehe, jibu linatangulia swali na sura za Sam zinapooza.

Fundi_Ligula

Bibi shikamoo. Nauliza kwa niaba ya wavivu: House of the Dragon, ile tamthilia ya mababu zake Daenerys, nayo ina kitabu?

Bibi_wa_Chuno

Marahaba. Ndiyo, Fire & Blood cha 2018. Lakini kile si riwaya, kimeandikwa kama kitabu cha historia. Martin anajifanya mwandishi wake ni msomi wa kubuni, Maester Gyldayn, na vyanzo vyake vinabishana. Mmojawapo ni Mushroom, mchekeshaji wa ikulu, ambaye kila tukio analipaka tope. Parodi imo ndani ya kitabu chenyewe!

Mpwa_Halali

Wakuu, swali la mwanzisha uzi halijajibiwa. Kitu kimoja cha kuhamisha ni URITHI.

Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo ni wa upande wa mama. Mtoto ni wa kwa mama yake, mwenye sauti juu yake ni mjomba, na kijadi cha mjomba kinakwenda kwa mpwa, mtoto wa dada yake wa tumbo moja, siyo kwa mtoto aliyemzaa. Najua dini na mahakama zimebadilisha mengi, ila kanuni yenyewe hakuna mtu wa huku anayehitaji kufafanuliwa. Westeros ni baba kwa mwana. Sasa bakisha kila kitu, badilisha sheria hiyo tu:

Jon Snow, anayelelewa Winterfell, mji wa ukoo wa Stark, kama mtoto wa nje wa Ned. Mama yake ni Lyanna, dada yake Ned (tamthilia imethibitisha mwisho wa sizoni ya 6). Ned si baba yake, ni mjomba wake. Kwa hiyo mrithi halali wa Winterfell ni Jon! Yule mtoto anayekalishwa meza ya mbali ndiye mwenye nyumba.

Robb, Sansa, Arya, Bran na Rickon ni watoto wa Catelyn, basi ni watu wa Riverrun, kwa mjomba Edmure. Pale Winterfell ni wageni wa heshima. Catelyn anavyomkunjia uso Jon ghafla inaeleweka: anamtazama mwenye mji.

Joffrey, mwana wa malkia Cersei. Sizoni nzima ya kwanza watu wanauawa kwa sababu ya siri ya baba yake ni nani. Kwetu siri hiyo haina soko. Mama yake anajulikana, inatosha. Na Tyrion ndiye mjomba, kwa hiyo yale makofi ya episodi ya 2 siyo utovu wa adabu kwa mfalme mtarajiwa, ni kazi ya mjomba. Jaime sasa, ambaye ni mjomba na ni baba... hapo hata wazee wangeomba kikao kiahirishwe.

Mfalme Robert, mume wa Cersei, hana dada. Wanabaki ndugu wa tumbo moja, na mkubwa ni Stannis. Yaani Stannis ana haki kwa sheria ya kwao na ana haki kwa sheria ya kwetu, na bado anashindwa. Maskini.

Msimu_Unakuja

Mpwa umemaliza. Huo ndio mfupa wa kipande.

Kusi_la_Mikindani

Ngoja kwanza. Kwa sheria hiyo Ned mwenyewe angeipataje Winterfell? Aliipata kwa baba yake, Rickard. Ukibadilisha sheria, Ned naye hana kitu, na Jon atarithi hewa.

Bibi_wa_Chuno

Swali zuri, na jibu lipo. Kwenye The World of Ice & Fire (2014) kuna mti wa ukoo: mama yake Ned ni Lyarra, naye ni Stark wa kuzaliwa. Basi Ned ni Stark kwa mama pia. Hivyo hivyo Joanna, mama yao Cersei, Jaime na Tyrion: ni Lannister wa kuzaliwa, aliolewa na binamu yake Tywin. Koo zote mbili zinasalimika.

Ila mali ya Tywin mwenyewe ina mwenyewe. Tywin ana dada, Genna, aliyeolewa na Emmon Frey. Tamthilia haikumleta kabisa. Mwanawe wa kwanza ni Cleos Frey, yule anayesafiri na Jaime na Brienne kwenye kitabu cha 3 na kuuawa njiani. Kwa sheria ya mjomba, mrithi wa Tywin ni Frey! Tywin asingelala usiku.

Mpwa_Halali

Bibi, hicho kipande cha pili hicho. Tywin anasomewa mirathi.

Fundi_Ligula

Maneno mengi, vifaa je? Naweka ya kwangu.

KITI cha enzi, kile cha panga. Chukua kiti cha plastiki chenye mgongo, funga nyuma yake kipande cha plaiwudi cha sentimita 120 kwa 90. Panga 40 za boksi zinatosha, urefu tofauti kati ya sentimita 50 na 90, zimepangwa kama feni, ndefu katikati. Boksi za friji na televisheni ndizo nzito. Angalia mistari ya ndani ya boksi: lazima iende na urefu wa upanga. Ukiikata kwa kukingama, upanga unapinda wiki hiyo hiyo, na kwa unyevu wa pwani hata siku mbili hazifiki. Kabla ya rangi, paka gundi nyeupe ya mbao uliyoichanganya na maji nusu kwa nusu, mikono miwili, kila mkono ukauke kabisa. Gundi ndiyo inayozuia boksi kunywa unyevu.

Rangi ya fedha peke yake inaonekana kama ya mwanasesere. Ikikauka, pitisha rangi nyeusi ya maji iliyozimuliwa sana, kisha futa haraka kwa kitambaa. Nyeusi inabaki kwenye mikunjo, fedha inabaki juu, na kwenye kamera ni chuma. Msitumie panga za kweli. Zinang'aa vibaya na mtu atakalia.

MAKOTI ya Night's Watch, wale walinzi wa ukuta wa barafu. Mtengeneza mavazi wa tamthilia, Michele Clapton, alishasema waziwazi kwamba walitumia mazulia ya IKEA, wakayakata, wakayachakaza. IKEA wenyewe 2017 wakatoa mchoro wa kuonyesha namna ya kukata tundu la kichwa. Kwa hiyo zulia dogo la manyoya la mtumba linafaa kihalali kabisa. Kata tundu la sentimita 30 kwa urefu, si duara. Duara linashuka mabegani. Lisugue kwa majivu na chai ya rangi lipoteze upya.

Joto ndilo adui. Mwigizaji ndani ya zulia saa 7 mchana Mtwara hafiki tekii ya tatu. Rekodi saa 12 na nusu hadi saa 2 asubuhi, au saa 10 na nusu jioni mpaka jua lizame. Mwanga wa muda huo pia ni mzuri kuliko taa yoyote mtakayoazima.

Kusi_la_Mikindani

Sauti sasa, maana hapo ndipo vipande vingi vinapofia. Ufukweni Shangani wakati wa kusi upepo unameza kila neno. Maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, ivalishe sifongo ya godoro kisha soksi juu yake, na uifiche chini ya ukosi, upande usiopigwa na upepo. Angalia pini yake: ya simu ina pete 3 nyeusi. Yenye pete 2 ni ya kamera, simu haiitambui na itaendelea kurekodi kwa maiki yake yenyewe bila kukuambia. Jaribu kwa kuikwaruza maiki kwa kucha kabla ya kuanza.

Mkitaka kuingiza sauti juu ya picha, mtindo wa marehemu Lufufu aliyekuwa akisimulia filamu za nje kwa Kiswahili, rekodi ndani ya chumba chenye godoro na mablanketi, mdomo shubiri moja kutoka kwenye maiki, pembeni kidogo, si mbele yake, ili P na B zisipasue. Kwa kupatanisha midomo, cheza kipande bila sauti na uweke alama kila midomo inapofungana. Pale lazima pakae M, B au P. Kwingine koroga unavyotaka. Sekunde 2 zinabeba silabi 12 hivi. Ukiandika 18 utalazimika kukimbia na kichekesho hakisikiki.

Ya dragoni: mjusi kafiri ukutani, simu karibu, punguza kasi nusu. Ukitumia kitambaa cha nyuma, kile ambacho programu ya kuhariri inakifuta, kiwe cha bluu, maana kijani kitamfuta na mjusi wa kijani. Ngurumo yake, rekodi mlio wa ng'ombe au mbuzi ushushe chini. Paula Fairfield aliyetengeneza sauti za madragoni wa tamthilia alitumia wanyama halisi, wakiwemo kobe waliokuwa... kwenye shughuli zao.

Mjukuu_wa_Tendaguru

White Walkers je? Nafikiria mapiko. Vinyago vyenyewe vinatisha tayari.

Bibi_wa_Chuno

Hapana, mwanangu. Lipiko linatoka na jando na unyago, lina wenyewe na lina miiko yake. Ndani ya ngoma yake lenyewe linakejeli watu, hiyo ni kazi yake ya zamani. Kulitoa huko ukalivalisha maiti wa barafu ni kuchokoza wazee bila sababu. Unga wa muhogo usoni na nywele za katani zinatosha.

Mpwa_Halali

Naunga mkono. Na mahali: Mikindani na zile nyumba za mawe ndiyo King's Landing, mji mkuu wa mfalme, bila kujenga kitu. Ongeeni na wenye nyumba kwanza. Magofu ya Kilwa Kisiwani ni urithi wa dunia tangu 1981, msipande ukutani na msiingie na kamera bila kibali.

Fundi_Ligula

Muziki wa mwanzo tunautumia ule ule?

Kusi_la_Mikindani

Hapana. Ule wa Ramin Djawadi mitandao inautambua yenyewe, na kipande kinanyamazishwa au mapato yanakwenda kwa wenye muziki. Hata mkiupiga kwa filimbi, melodi inaweza kukamatwa. Pigeni ngoma zenu mdundo wa sita kwa nane, sekunde 15, mtazamaji ataelewa tu. Vilevile msitumie picha za tamthilia yenyewe kama mnaweza kuigiza.

Msimu_Unakuja

Basi rasimu ya sekunde 90, "Mjomba Ned". Mahali pamoja, watu watano, jamvi moja.

Ned na Catelyn wamekaa, Robb katikati, Jon kando na sahani yake. Anaingia Petyr Baelish, mnunuzi wa kangomba, yule wa kupima korosho kwa kopo badala ya mizani, kopo mkononi, anataka kununua korosho za shamba la Winterfell zikiwa bado mauani. Anamfuata Robb, anamsifu, anatoa noti. Robb anataka kupokea. Ned anakohoa. Kimya. Ned: "Shamba la mpwa wangu hilo." Wote wanageuka kumtazama Jon, ambaye ana tonge mdomoni.

Jon aseme nini?

Mjukuu_wa_Tendaguru

"Mimi sijui kitu."

Mpwa_Halali

Ygritte hajamwambia bado lile neno lake, "Hujui kitu, Jon Snow"; hapo ni sizoni ya kwanza. Asiseme chochote. Ahamie katikati ya jamvi na sahani yake, Robb amsogelee pembeni.

Bibi_wa_Chuno

Na Catelyn ndiye amsogezee maji ya kunawa. Bila kumtazama.

Fundi_Ligula

Kopo la Baelish lipigwe kitako kwa ndani kidogo, lionekane limeibiwa ujazo. Kamera ishuke pale sekunde 2 kabla hajaongea. Nani ana zulia la manyoya? Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi, Mikindani.